Magando Aliyoyafunga Shangazi

Nilikuwa nasoma shahada ya pili Dar es Salaam, na kazi niliyojichagulia ilikuwa ya kaa wa kwetu Mafia. Nilitaka kujua yupi ni ndugu wa karibu wa yupi. Unamtazama kaa, unaorodhesha sifa za umbile lake, kila sifa unaipa hali zake, na kila hali namba. Mguu wa mwisho ukiwa umechongoka, sifuri. Ukiwa bapa kama kafi, moja. Usipojua, unaweka alama ya kuuliza. Jedwali likijaa, kompyuta inakuchorea mti wa nasaba.

Ugumu uko kwenye maneno. Sentensi moja tu, "gando la kulia ni kubwa kuliko la kushoto", ilinichukua wiki nzima, kwa sababu msimamizi wangu kila mara aliirudisha. "Kubwa kwa kiasi gani?" aliuliza. "Mtu asiyekujua akimshika kaa huyohuyo, ataandika namba uliyoandika wewe?" Nikarekebisha, nikapima, nikarekebisha tena. Katika sifa ishirini na nne nilizobaki nazo, tisa zilikuwa za magando.

Kaa wenyewe alinikusanyia shangazi yangu wa Kirongwe, dada yake baba. Nilimwachia ndoo za spiriti na vikaratasi vya kuandikia mahali kila kaa alipopatikana. Wengine aliwaokota mwenyewe kwenye mikoko maji yakitoka, wengine aliletewa na wavuvi wa upande wa Ras Mkumbi na wa dago, kambi ya wavuvi, la Shungimbili. Nilipokwenda kuzichukua ndoo, nilikuta kila kaa amefungwa magando kwa uzi wa ukindu, vizuri kabisa. Nikadhani amewafunga wasimng'ate, kama wanavyofungwa wa kuuza. Chuoni nikawatoa mmojammoja, nikakata uzi, nikapima, nikaandika namba. Nyuzi nikazitupa.

Mti ulipotoka ulikuwa wa ajabu. Kaa wawili ambao hakuna mtu angewaweka pamoja walikaa kwenye tawi moja kama pacha. Msimamizi alifurahi. "Hili huenda likawa jambo jipya," alisema. Nikapanda boti kurudi nyumbani kwa siku chache, moyo mweupe.

Nilimkuta shangazi jikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa wangu hawajambo?"

Nikamwambia wamesifiwa. Nikashika mbuzi, nikaanza kumkunia nazi.

"Afadhali," akasema. "Mie nilikuwa na wasiwasi, maana walikuja wamekatikakatika."

"Wamekatika vipi?"

"Si unamjua kaa, ukimkamata analiachia gando lake. Ndoo zilikuja kaa juu, magando chini. Nikasema, mwanangu atapelekaje vilema mbele ya walimu wake? Nikakaa kutwa, kila mmoja nikamtafutia gando linalomkaa, nikamfunga."

Mikono ilisimama juu ya mbuzi.

"Ulijuaje gando hili ni la nani?"

"Naangalia linalomkaa," alijibu, kama jambo ambalo ningelijua mwenyewe. "Na mmoja alikuwa na gando dogo, baya, ndiyo kwanza linaota. Nikaling'oa, nikamtilia zuri."

"Uliwafanya hivyo wengi?"

"Sikuhesabu. Wengi."

Alikuwa anatabasamu. Ningemwambia nini? Siku yake nzima ameitumia kwa ajili yangu, mgongo umeinama juu ya ndoo inayonuka spiriti. Nikasema, "Ahsante, shangazi." Nikamaliza kukuna nazi.

Nilitoka nyuma ya nyumba, penye mtandao, nikampigia msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Una picha zao kabla hujakata nyuzi?"

"Sina."

"Tukilinganisha viungo, gando na mwili?"

"Viungo vimelainika. Na magando niliyachanganya kwenye chupa moja baada ya kupima."

Akasema taratibu, "Basi magando yote yape alama ya kuuliza."

Kesho yake mchana nilikaa barazani na kompyuta mapajani, nikabonyeza kitufe kilekile cha alama ya kuuliza, safu ya kwanza hadi ya tisa. Shangazi akapita na kapu la korosho, akauliza naandika nini. Nikasema nasahihisha. Mti uliotoka mara hii haukuwa na matawi ya kueleweka. Karibu kaa wote walichomoza kutoka sehemu moja, kama njiti za ufagio wa chelewa.

Muda wa utafiti ulikuwa umekwisha na kibali pia, kwa hiyo kukusanya upya hakukuwezekana. Niliwasilisha nilichokuwa nacho. Mbele ya jopo mtahini mmoja aliniuliza kwa nini sifa zangu nilizozieleza kwa uangalifu zaidi ndizo hazina hata namba moja. Nikajibu kwamba vielelezo viliharibika. Akasubiri niendelee. Nikafungua ukurasa uliofuata. Nilifaulu, lakini chini ya nilivyotarajia, na ile makala tuliyopanga haikuandikwa.

Shangazi alitaka kukiona kitabu cha utafiti wangu. Nilimsomea jina lake kwenye ukurasa wa shukrani, akaniomba nirudie. Kisha akafungua mwenyewe kurasa za mbele, akaweka kidole kwenye ule mchoro wa mti.

"Huu unasemaje?"

"Unasema wote ni ndugu," nikamwambia.

"Hilo hata mie ningekwambia," akasema, akanirudishia kitabu, akaenda kuanua nguo.