Jibu la Viviane Lilivyochelewa

Mimi Lucienne nasema wazi: huyu Numbi mwanzoni sikumpenda. Mtu wa Lubumbashi, viatu vinang'aa kuliko akili, na ukimuuliza kazi yake anakuchorea mishale kwenye serviette ya karatasi. Sisi watu wa Bukavu tunapenda kazi inayoelezeka: mwalimu, daktari, muuguzi. Lakini Viviane, binti ya kaka yangu, alikuwa amekwisha kuchagua, na mtoto huyo akichagua, amechagua.

Kaka yangu ni Papa Polycarpe. Mke wake alifariki, akabaki na Viviane peke yake, na masikio yake nayo yakafa pole pole. Bon, Numbi akamwekea application kwenye simu: watu wanaongea, simu inaandika, mzee anasoma. Kitu kizuri! Ila maneno yalichelewa. Kanisani kwetu Ixelles, huku Ulaya tunakoishi, pasta yuko kwenye matangazo, kaka yangu ndio kwanza anapiga "Amen!" ya mahubiri. Siku moja tunaombea wafiwa, yeye anacheka kichekesho cha mwanzo. Niliona haya mpaka nikahama benchi.

"Shida ni safari, tantine," Numbi akanieleza. "Neno ikitoka mu kinywa, inaenda mbali, kwa ma-ordinateurs, ma-kompyuta makubwa. Kule inapanga mustari na maneno ya dunia nzima, kisha inarudia. Mi kazi yangu njo kuleta ordinateur kadogo karibu na bantu, neno isisafiri tena."

"Alors, leta! Unangoja visa?"

Basi siku ya mahari, mwaka 2018, akaleta kisanduku cheusi, ndiyo hiyo ordinateur yake ndogo, kwenye salle tuliyokodi Ganshoren. Kwetu mahari haipokelewi mpaka baba amuulize binti mwenyewe mbele ya wakwe, na apate jibu kutoka kinywani mwake. Si kwa shangazi, si kwa kutikisa kichwa. Kaka alikuwa ameapa: "Nisipopata jibu ya mutoto wangu mimi mwenyewe, barudie na mbuzi yao." Mbuzi mwenyewe alikuwa ndani ya bahasha, huku Ulaya ndivyo, lakini kiapo ni kiapo. Tulijaribu kabla ya wageni kufika: neno linatoka, neno limeandikwa, pap! Nikaanza kumpenda Numbi kidogo.

Salle ikajaa. Vigelegele vikaisha, kaka akasimama na simu yake.

"Viviane, huyu mwanaume unamujua?"

"Ndiyo, papa."

Kaka akaangalia simu. Hakuna kitu. Wakwe wakakohoa. Akaona mtoto amefunga kinywa, akadhani anaona haya, akaendelea.

"Kuna mutu amekulazimisha?"

"Hapana! Hata kidogo!"

Na simu, ndio kwanza inaandika: *Ndiyo, papa.* Kaka akakunja uso. Akauliza:

"Unamupenda?"

Simu ikaandika: *Hapana! Hata kidogo!*

Mungu wangu! "Bamemulazimisha mutoto wangu!" Kaka akaelekeza fimbo yake mlangoni. "Chukueni mbuzi yenu!" Watu wote wakapayuka kumweleza, na simu nayo ikazidi kulemewa, ikaandika matusi ya huyu kwenye sala ya yule. Viviane akaanza kulia. Numbi akakimbilia kisanduku chake, asikione.

Pale mezani alipokiweka palikuwa na kitambaa cheupe cha crochet, juu yake kingine, na juu yake maua ya plastiki.

"Mi njo niliifunika," akasema Maman Mauwa, mama yake Numbi, bila wasiwasi. "Kitu ya mutoto wangu ikae buchi mbele ya bakwe? Jamais!"

Tumlaumu vipi? Nani kwetu hajawahi kuvalisha televizheni, redio, hata frigo? Numbi akafunua, akaunguza vidole. "Maman! Inapumuaka kwa hii matundu! Ikishika moto, maneno inachelewa!"

"Inapumua? Si ulisema ni mashini?"

Nikavua kitenge changu cha juu, nikaanza kupepea. Maman Mauwa akavua chake. Kidogo tu, bamama wa Katanga na bamama wa Kivu, tulioshinda asubuhi yote tunanuniana, tunakipepea kisanduku kama mgonjwa wa malaria.

Viviane akapiga magoti, akamshika baba yake mkono wenye simu, akaunyanyua mpaka usoni kwake mwenyewe. Kaka akamtazama. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo:

"Unamupenda?"

Maneno yakatokea midomo ya Viviane ingali inatembea: *Ndiyo, papa. Namupenda sana. Ni wewe njo naogopa kukuacha.*

Kaka akasoma. Akafuta kioo kwa kidole, akasoma tena.

"Enda, mwanangu," akasema. "Mama yako nilimutoa kwa baba yake vile vile. Mzee alilia, kisha akakula."

Akapokea bahasha, akakaa, akaomba sahani. Alikula huku analia.