Meneja na ngamia wa daraja la Tana

Leo bosi wetu amefoka kuhusu kuchelewa kazini, nami nikaangua kicheko mbele yake.

Nisameheni. Nilimkumbuka meneja wetu wa Garissa, miaka ya tisini.

Huyo alitangaza kwamba kila anayechelewa asimame mbele ya ofisi nzima aeleze sababu. Na wa kwanza kucheka alikuwa yeye.

Wa kwanza kusimamishwa alikuwa Halima, karani mwenzangu.

"Ngamia walifunga daraja, bwana meneja."

Meneja alicheka mpaka akashika meza. "Ngamia! Kesho utaniambia samaki."

Kesho yake sote tukafika mapema. Meneja hayupo!

Alikuja kuingia jua limepanda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sote tukamtazama. Sheria ni sheria, au sivyo?

Akakohoa kidogo. "Nilikuwa na kikao kwa Mkuu wa Wilaya."

Kabla hatujaumeza uongo huo, mzee mmoja mfugaji wa Kisomali akatokea mlangoni, fimbo begani, amefura kwa hasira.

"Yuko wabi mtu ya gari nyeube? Amebigia ngamia yangu honi kwa daraja, yote imekimbia!"

Jamani, ningejizuia vipi?

Meneja akainamia faili. Halima akainuka polepole, akamvutia mzee kiti.

"Karibu, adeer, ami yangu. Kaa hapa mbele utueleze vizuri. Ofisi nzima inasikiliza."

Mzee akaeleza, wala hakuharakisha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesimamishwa tena mbele ya ofisi.