Petroli ya Kumfikisha Mama Hospitali

Binti yangu alirudi kutoka shuleni siku hiyo akiwa amechangamka. Tunaishi ghorofani, Joubert Park. Mimi nashonea watu nguo karibu na dirisha, na baba yangu, ambaye nilimleta huku kusini kutoka Burundi alipozeeka, hukaa kitandani kwake akinitazama. Binti amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo shida. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba wamefundishwa jinsi dunia ilivyokataa kufanya biashara na serikali ya makaburu, na vikwazo vile vikasaidia kuikomboa nchi.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Nikamtafsiria.

"Mwambie ni kweli. Halafu mwambie habari za bibi yake."

Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa mdogo wakubwa wa jeshi walipopindua serikali kwetu, na nchi jirani zikatufungia mipaka ili kuwabana. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, Bujumbura. Vipuri vikaacha kuja, rangi ikaisha, mafundi wakarudishwa nyumbani. Wakubwa wenyewe hawakubanwa. Magari yao yaliendelea kupita mtaani kwetu. Petroli ya magendo ilikuwapo, kwa mwenye uwezo.

Uchungu ulimshika mama mchana, mtoto akakwama. Jirani alikuwa na gari, lakini tangi lilikuwa kavu. Baba akazunguka mtaa mzima na kidumu, akarudi nacho kitupu. Wanaume wakambeba mama kwa ingobyi, machela yetu ya matete. Nilikimbia nyuma yao, na mama akawa ananiambia nirudi, jua ni kali. Tulifika hospitali tumechelewa, hawakuweza kumwokoa. Tulimzika pamoja na mtoto wake.

Nilipomaliza kumweleza, binti alikuwa amefunga daftari.

"Kwa hiyo mwalimu anadanganya?" aliuliza. Nikamtafsiria baba.

"Hapana, mjukuu wangu. Watu wa hapa waliiomba dunia wenyewe iwafanyie vile, wakijua wataumia. Sisi hakuna aliyetuuliza."

Binti akaenda kuketi kando yake.

"Eish, babu," akasema. Akatafuta maneno, akapata moja tu. "Pole."

Baba akaitikia kwa kichwa. Chakula hakukigusa usiku ule, akageukia ukutani. Mimi nilirudi kwenye cherehani, maana gauni lilikuwa la harusi ya kesho yake, nikashona mshono ule ule mara mbili kwa kutoona vizuri.