Inagawika, Lakini kwa Ngapi?

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya kutwa upande wa Manga, na alikuwa na namba aliyoipenda kuliko chakula. "Anza na mbili," aliniambia tukichuma majani chai, "izidishe kwa yenyewe. Jibu nalo ulizidishe kwa lenyewe. Fanya hivyo mara ishirini, halafu ongeza moja." Mimi ni karani wa ofisi mjini Kisii, hesabu zangu hufanywa na kikokotoo, kwa hiyo nilimwambia aniache na kikapu changu. Hakuniacha. Alisema namba hiyo ina tarakimu zaidi ya laki tatu, lakini ya mwisho yeye anaijua bila kuiandika: ni saba. Nne, kumi na sita, mia mbili hamsini na sita. Ukishapita nne kila jibu huishia na sita, na sita ukiongeza moja ni saba. Nilijaribu mwenyewe nikaona ni kweli, nikakasirika kwa sababu ilinipendeza.

Kilichomnyima usingizi ni jambo jingine. Namba hiyo si tasa, yaani kuna namba ndogo kuliko yenyewe ambazo zikizidishwa huizaa. Hilo limethibitishwa kwa kompyuta. Ni namba zipi, hakuna ajuaye hadi leo. Nilimuuliza watu wamejuaje inagawika ilhali hawajaona kinachoigawa. Alinijibu kwamba kuna mtihani ambao namba tasa hupita, na hii ilifeli. Mtihani huo hukwambia kwamba inagawika, basi. Haukwambii kwa ngapi.

Halafu akafa. Aliamka mzima, akaanguka darasani kabla ya mapumziko ya chai, na hospitali alifikishwa akiwa ameshakata roho. Daktari wa mochari alimpasua, akatuambia kwa upole kwamba hakuona sababu. Mama alimwomba aangalie tena.

Tulipomaliza kuzika, ndugu za marehemu baba waliketi sebuleni kwetu. Sisi ni Wasabato, na maombi yalifanywa vizuri tu, lakini yalipoisha baba mdogo alikohoa, akamtaja mjane tunayepakana naye shamba.

"Kijana mzima hawezi tu kuanguka hivyo," alisema. "Huyo mama alimpea ndizi hiyo wiki. Na nyinyi wote mnajua vile watu husema."

Neno lenyewe hakulitamka. Huku kwetu si lazima litamkwe. Mwanamke mzee akishanong'onwa hivyo, nyumba yake inaweza kutiwa moto usiku kupitia dirishani, naye akiwa ndani. Niliogopa. Wanaume wote walimgeukia Mama, maana bila neno lake hawangeinuka, na Mama ndiye aliyekuwa na kiu ya jibu kutushinda sote.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilisimama nikawaeleza ile namba kwa Ekegusii, nikikwama kila hatua. Niliwaambia kwamba watu wenye mashine kubwa wameitafutia jibu miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyechoka akaokota namba iliyokuwa karibu akasema ni hii.

"Hiyo ni mambo ya shule," baba mdogo akasema.

"Na huyu tumezika alikuwa wa shule."

Mama alinigeukia. Kisha akaniuliza, "Na wakiweka ile si yenyewe?"

"Inakataa, Mama. Lazima kitu kibaki."

Alilia kidogo, akajifuta kwa leso.

"Mtoto wangu amekufa na sijui ni nini imemuua," alisema. "Nataka kujua mpaka nasikia ni kama nitapasuka. Lakini msinipee mtu."

Sikuipenda namna baba mdogo alivyowatazama wenzake. Nadhani Mama naye aliiona. Jua lilipokaribia kuzama alitoa blanketi lake kitandani, akalikunja, akatangaza kwamba anakwenda kulala kwa yule mjane, leo na kesho na siku zijazo. Alipofika mlangoni alimgeukia baba mdogo, akamwambia mbele yetu sote, "Mimi nitalala upande wa dirisha."