Bakapu Saba na Mkeka wa Mwamgongo

Mimi ni mpiga video za harusi, duka langu liko Gungu, na sipendi kufuta kitu. Ugonjwa huu ulinianza pale kompyuta yangu ya kwanza ilipokufa na harusi nzima ya watu tumboni. Maharusi wale waliachana baadaye, na mpaka leo upande wa mke unaniona mimi ndiye niliyewaletea nuksi. Tangu hapo, umeme ukichezacheza kidogo tu, naweka bakapu, yaani nakala ya akiba, ya kompyuta nzima. Zilifika saba. Ya kwanza iliitwa Bakapu, ya pili Bakapu Mpya, ya tatu Bakapu Mpya Kabisa. Ya sita niliiita Usifute. Ya saba niliiita Usifute Hata Ukiwa na Hasira, kwa sababu najijua.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja, mwanika dagaa wa kijiji cha Mwamgongo, shangazi wa bwana harusi niliyempiga video Jumamosi iliyotangulia.

"Mwakeye, mwanangu," alinisalimia kwa Kiha. "Nimefuata video."

"Shikamoo, mama. Bado kidogo tu."

"Hakuna kidogo. Boti inaondoka Kibirizi saa sita, na wifi yangu hali chakula."

Wifi huyo ndiye mama mzazi wa bwana harusi. Mguu ulimzuia kupanda boti kuja harusini, akatuma mkeka aliousuka mwenyewe kwa miezi mitatu, na shangazi ndiye aliyeukabidhi kwa niaba yake wakati wa zawadi. Sasa kuna mtu, na kila harusi ina mtu wa namna hii, aliyetangulia kufika Mwamgongo akasema bibi harusi aliupokea ule mkeka kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, mbele ya ukumbi mzima! Mama wa watu akajua basi, mkwe wake, msichana wa mjini Buzebazeba mwenye diploma, amemdharau. Tangu siku hiyo sahani yake inarudi jikoni kama ilivyotoka.

"Nimemwapia kwamba alipokea kwa miwili," shangazi alisema. "Anasema namfariji."

"Basi nikupe kipande hicho tu, mama. Dakika mbili."

"Oya, hapana! Ukimpa kipande atasema tumekichagua. Anataka harusi yote, kuanzia kanisani."

Nikaiamuru kompyuta iitengeneze harusi yote. Ikakataa, diski imejaa. Nilijua vizuri kilichoijaza, ila nilijifanya sijui. Nikafuta nyimbo, nikafuta picha zangu za pasipoti za zamani, haikutosha. Shangazi akavuta stuli akakaa ubavuni mwangu, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Hizi saba ni za nini?"

"Ni bakapu. Kompyuta ikifa, naifufua kwa hizi."

"Hii ya kwanza inafufua kompyuta ipi?"

"Ile ya zamani."

"Iko wapi?"

"Niliiuza vipuri."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilinikera kuliko tusi. Nikafuta Bakapu. Nikafuta Bakapu Mpya. Kufika ile ya sita ikabidi nitoke nje kwanza nipunge upepo, naye akanifuata mpaka mlangoni asije akanipoteza. Nilirudi nikaifuta, nikabakiza ile ya saba peke yake. Nikaiamuru tena kompyuta. Diski imejaa.

"Hizo ulizotupa, umezitupa wapi?" aliuliza.

"Kwenye pipa la taka."

"Pipa lenyewe liko wapi?"

"Humo humo ndani ya kompyuta."

"Sasa umetupa nini?"

Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, nafundisha na vijana, na nilihitaji mwanika dagaa anikumbushe kumwaga pipa. Niliona aibu kweli. Nililimwaga nimefumba macho, na nafasi ikapatikana ya harusi ile na nyingine tatu. Video ilipokuwa inatengenezwa taa ikapepesa mara moja. Mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta bakapu, shangazi akaupiga kofi ukarudi pajani. Saa tano na dakika arobaini akaifunga flashi yenye video kwenye pindo la kitenge, akapanda bodaboda, na mimi nikabaki namwombea dereva asikutane na ng'ombe barabarani.

Kesho yake jioni simu ikalia. Ilikuwa sauti nisiyoijua, ya taratibu.

"Wewe ndiye wa video? Mimi ndiye mwenye mkeka."

Nikasimama, sijui kwa nini, nikamwamkia. Akasema wamekaa kwa jirani mwenye televisheni tangu mchana, ameangalia kuanzia kanisani, hajaruka kitu, na walipofika kwenye mkeka ameomba warudishe nyuma mara nne.

"Mkwe wangu kapokea kwa mikono miwili," alisema. "Na magoti kapiga. Ila aliyeutoa kwa mkono mmoja nimemwona. Ni huyu wifi yangu, anacheza, mkono wa pili anapunga leso!"

Nyuma yake nikamsikia shangazi akijitetea kwamba wimbo ulikuwa umenoga. Mama akamwambia anyamaze, aende jikoni akamletee ugali, na asimpimie kidogo.