Mkwe wa Plastiki

Gereji nzima inamwita Nyoosha. Hakulitafuta jina hilo, lilimfuata lenyewe. Gari likiletwa ubavu umeingia ndani kama shavu la mtu asiye na meno, hulizunguka kwanza kimya, halafu hupitisha kiganja juu ya bati, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Macho hudanganywa na rangi, husema, kiganja hakidanganyiki. Kisha hushika nyundo, akagonga kidogo hapa, kidogo pale, na mwenye gari akija jioni humwuliza kama kweli hilo ndilo lake.

Nyumbani ana kazi nyingine, ndogo kuliko hiyo. Ilianza siku mteja mmoja alipokuja kuchukua gari lake akamwachia boksi lililokuwa limelala kwenye buti. “Mwanangu limemshinda,” alisema. “Labda wewe utaliweza.” Ndani ya boksi mlikuwa na gari zima la plastiki, ila limetawanyika. Milango, boneti, viti, hata usukani mdogo kama kifungo cha shati, vyote vimeshikamana na vijiti vya plastiki kama matunda kwenye tawi. Unakata kipande, unakisugua kwa msasa, unakipaka rangi, unakigandisha kwa mwenzake. Nyoosha akaliunganisha, akaliweka mezani, akalitazama, asiridhike. Lilifanana na picha ya kwenye boksi, na picha ya kwenye boksi kila mtu anayo. Akalishusha likakaa chini chini, akabandua wavu wa mbele, akatengeneza mwingine kwa meno ya kitana cha mkewe.

Tangu hapo vitu vikaanza kupotea nyumbani. Kikata kucha kikapotea. Kibano cha nyusi kikapotea.

“Baba Kasuku, rangi yangu nyekundu ya kucha iko wapi?”

“Ipo.”

“Ipo wapi?”

“Ipo kwenye taa za nyuma.”

Mama Kasuku alilalamika kwa mdomo tu. Moyoni alipenda kumwona mumewe ameinama pale dirishani saa za jioni, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika herufi. Binti yao wa kwanza, huyo Kasuku mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hata usingizini huongea, alikuwa akisimama kando yake na kuuliza kila gari linaenda wapi. Mwanamume anayejibu maswali hayo yote bila kuinua sauti si wa kugombezwa kwa ajili ya kitana.

Kisha baba yake Nyoosha akaja kukaa nao. Mzee huyo aliendesha lori la mchanga miaka yake yote ya nguvu, lori moja, na lori hilo aliliita Mkwe. Akiulizwa kwa nini, alijibu, “Halikimbizwi, halitukanwi, na likinuna unakaa nalo kwa adabu mpaka liridhike.” Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, kwanza ya pembeni, kisha ya katikati, hadi siku alipouliza kwa nini hawajawasha taa, na nje jua lilikuwa limesimama utosini.

Giza peke yake lisingemshinda. Mwanzoni alipapasa nyumba nzima, akajua mlango uko wapi na kochi liko wapi, akajisifu kwamba hata usiku wa mvua aliwahi kuendesha bila taa. Ila asubuhi moja alipapasa kutafuta kikombe, akakiangusha, na chai ya moto ikamwagikia mguu wa Kasuku. Mtoto alilia, akapakwa dawa, akapona, akasahau. Mzee hakusahau. Aliichukua mikono yake akaifungia makwapani, kama mtu anayeficha panga darini watoto wasilifikie. Tangu siku ile hakushika kitu. Mke wa mwanawe alimlisha, mwanawe alimvisha, na mjukuu mchanga aliyezaliwa baada ya hapo babu yake hakuwahi kumgusa hata kidole.

“Mpokee kidogo, Baba, nikoroge chungu,” Mama Kasuku alimwambia mara moja, akijifanya ana haraka.

“Mtoe, binti yangu. Mikono hii haioni.”

“Babu, mguu wangu umeshapona,” Kasuku akadakia. “Hata naruka.”

“Nasikia unavyoruka,” mzee alisema, na mikono ikazidi kuzama makwapani.

Nyoosha aliliogopa jambo moja, na aliliogopa kweli. Chuma kisichotumika hushika kutu, naye alijua kutu ikishaingia kwenye mikono ya mzee haitaishia mikononi. Kila siku akirudi kutoka kazini humkuta mahali palepale, na sauti imepungua kidogo kuliko jana. Alijaribu maneno, maneno yakagonga mwamba. “Mzee, shika hata kipande cha mkate.” “Nimeshiba.” Basi. Ungefanya nini na mtu aliyeshiba kabla hajala?

Ndipo akaamua kumrudishia Mkwe.

Akatafuta boksi la lori. Halikufanana na Mkwe, maana Mkwe alikuwa na pua ndefu na hili lilikuwa na uso bapa, lakini huo ndio utamu wa kazi yenyewe. Alikata kebini akaiongezea pua kwa puti, ule udongo wa kuzibia mabati. Tela, lile sanduku la nyuma la kubebea mchanga, alilikata kutoka kwenye kifuniko cha ndoo. Vioo vya pembeni alivikunja kwa bati la kopo la soda. Akapiga rangi ya buluu, tabaka juu ya tabaka, msasa kati yake, akamalizia kwa kuling'arisha kwa dawa ya meno mpaka Mama Kasuku akauona uso wake kwenye mlango wa lori.

“Zuri jamani,” Mama Kasuku akasema. “Kwa hiyo leo ndiyo namwona mkwe mwenzangu.”

Jumapili, baada ya chai, Nyoosha akaliweka mapajani mwa baba yake. “Mzee, Mkwe huyu hapa.”

“Mkwe aliuzwa vyuma chakavu.”

“Mguse tu. Hana moto, hamwagiki.”

Kisha mkono wa kulia ukafunguka, si wote, kidole kimoja tu, kikapita juu ya paa, kikashuka mlangoni, kikafuata bampa mwanzo hadi mwisho. Mama Kasuku aliacha kumbembeleza mtoto. Kidole kikarudi kwapani.

“Kazi safi,” mzee akasema. “Gari la nani?”

“Ni Mkwe, Baba.”

“Aa. Hili ni la dukani. Mkwe namjua.”

Nyoosha akalichukua lori lake akalirudisha dirishani, na siku hiyo hakula vizuri.

Kesho yake gereji ilijua hata kabla hajasema, maana alipiga nyundo kama anayemdai mtu. Mpaka rangi wa gereji, mtu mwenye maneno mengi kuliko rangi, akamsogelea na kumwuliza nani kafa. Nyoosha akamsimulia. Mwenzake alisikiliza hadi mwisho, akavua barakoa yake ili acheke vizuri.

“Nyoosha, bwana, hebu niambie. Lori la mchanga, miaka yote ile. Lilikuwa na mbonyeo?”

“Mibonyeo? Lilikuwa mibonyeo tupu.”

“Na hilo lako?”

Nyoosha akatazama bati lililokuwa mbele yake, ameshalisawazisha kama kioo.

“Ndiyo hivyo,” mpaka rangi akasema. “Wewe ukipewa ndizi utaigonga mpaka inyooke. Umemletea mzee wa watu mkwe aliyetoka saluni, halafu unashangaa hamjui.”

Ilikuwa kweli, na iliuma kwa sababu ilikuwa kweli. Wala hakukusudia. Kila alipoanza kuchonga upande wa lori, mkono wake wenyewe uliusawazisha, kama ulivyozoea kulipwa kufanya. Shida nyingine ilimjia njiani akirudi. Sasa alibonyeze wapi? Alipokuwa mtoto alilipanda lori lile kwa juu, hakulipapasa. Kwenye kumbukumbu zake lilikuwa buluu, kubwa, na lina kelele. Mibonyeo alikuwa nayo mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo amekaa kwenye kochi amejifunga mikono.

Jioni ile akapasha kijiko moto jikoni, akaja nacho sebuleni pamoja na lori.

“Baba, nalibonyeza. Niambie wapi.”

Mzee akageuza sikio. “Unalibonyeza? Wewe?”

“Mimi.”

“Hebu nisikie tena.”

“Nalibonyeza, Mzee. Usinicheke, kijiko kinapoa.”

Mzee akafikiri. “Bampa. Kulia.”

Nyoosha akaegemeza kijiko kwenye plastiki mpaka ikalegea, akasukuma kwa ncha ya penseli. Kunyoosha bati lililokunjika aliweza akiwa amesinzia, kukunja kilichonyooka kilimshinda kama kutukana mbele ya watu. Alipomaliza akalisogeza, na kidole kimoja kikatoka kukagua.

“Huo si mbonyeo,” mzee akasema. “Hicho ni kitovu.”

Kasuku akacheka mpaka akakaa chini.

“Mkwe aligonga kisiki,” mzee akaendelea. “Kisiki hakitoboi, kinakunja. Anzia chini upandishe. Siyo hapo. Kulia kwa dereva, siyo kulia kwako. Juu kidogo. Sasa mbona umeenda tena... wewe tangu lini ukawa huelewi?”

“Tangu zamani. Nionyeshe.”

Na mzee, kwa hasira ya mtu aliyefundisha madereva wengi na hajawahi kuona mjinga namna hii, akatoa mkono wake wote, akaukamata mkono wa mwanawe ukiwa na penseli, akausukuma mahali pake. “Hapa. Hivi. Umeona?”

Mama Kasuku alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Kasuku alifungua mdomo aseme jambo, mama yake akamwekea kidole midomoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea yule mtoto akanyamaza.

Mkono haukurudi. Ulikuwa na kazi. Madigadi ya nyuma, lile bati la juu ya gurudumu, ilikunjwa na ng'ombe aliyekataa kupisha. Boneti ilikuwa na bonde kidogo katikati, alilokalia mzee mwenyewe kila akisubiri kupakiwa mchanga, mpaka likawa na umbo la mwenye kulikalia. “Hilo lifanye pana,” alisema. “Nilikuwa na afya.” Walipofika mlango wa kushoto akatulia, akaupapasa polepole.

“Huu ulikunjwa na nguzo ya geti la hospitali.”

“Ulikuwa umelewa?” Nyoosha akauliza.

“Nilikuwa nimepata mtoto. Narudi nyuma, badala ya kuangalia nguzo naangalia dirisha la wodi. Mama yako alikuwa amekuinua nikuone. Nilikuona, nguzo sikuiona.” Akabonyeza mlango kwa kidole gumba, mwenyewe, plastiki ikiwa bado ya moto, na Nyoosha hakumzuia. “Wakaja mafundi wengi wanataka kuunyoosha. Nikawaambia, huu ukinyooka, dereva anashuka na hapandi tena.”

Nyoosha akaenda jikoni kupasha kijiko kisichohitaji kupashwa, akasimama pale kidogo.

Ili kukunja ubavu wa tela ilibidi walibandue. Sasa kulirudisha ikawa kazi, kwa sababu tela lililopinda halikai kwenye fremu iliyonyooka. Ukibana mbele, nyuma inainuka. Ukibana nyuma, mbele inaachia. Nyoosha alijaribu kwa mikono miwili, akajaribu na kiwiko, akatafuta kibanio cha nguo, kikateleza.

“Mzee, nishikie hapa. Huku na huku.”

“Kwa mikono yote?”

“Mmoja hautoshi. Usilibane sana. Mpaka gundi ikauke.”

Mkono wa kushoto ulichelewa kuja, ulikuwa umelala siku nyingi kuliko mwenzake. Lakini ulikuja. Mzee akalishika lori katikati ya viganja vyake, mgongo umemnyooka, uso umeelekea mbele kama mtu aliye barabarani. Kasuku akajibanza kwenye goti lake na kuanza kumwuliza Mkwe alikuwa anakula nini, na mzee akamjibu alikuwa anakula dizeli na matusi. Mama Kasuku akakaa kwenye kochi lilelile, karibu kuliko alivyozoea, mtoto amelala mapajani mwake, miguu midogo ikimgusa babu yake ubavuni. Mzee hakujisogeza.

“Imekauka?” akauliza baada ya muda.

Nyoosha akainama akaangalia. Gundi ile hukauka upesi, na hii ilikuwa imekauka tangu zamani, ngumu kama jiwe.

“Bado,” akasema.

“Gundi gani hii isiyokauka?”

“Ya kigeni.”

“Mh,” mzee akasema, akaguna kama anayejua bei ya kila kitu. Lakini hakuachia.