Safu ya Spiriti Tupu

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilea seli za saratani kwenye visahani vya maabara kama anayefuga kuku wa wenyewe: anazilisha, anaziweka penye joto, halafu wengine wanakuja kuhesabu zilizokufa. Ndiyo maana wakamwita Mama Visahani. Hakulikataa jina. Mle ndani kulikuwa na majina mabaya zaidi, na mengine aliyatunga yeye mwenyewe.

Mzizi uliokuwa ukipimwa safari hii ulitoka kwao. Marehemu mama yake alikuwa mganga wa mitishamba, na aliwachemshia wagonjwa mzizi huo mpaka maji yakageuka rangi ya chai. Mama Visahani ndiye aliyeuleta, akautwanga, akauloweka kwenye spiriti kama mkuu wa maabara alivyoagiza, kwa kuwa spiriti hukamua haraka. Ijumaa matokeo yakatoka: seli tisa kati ya kumi zimekufa. Mkuu, ambaye hata salamu aliitoa kwa kipimo, alimpa mkono mbele ya watu. Waandishi wa habari wakaalikwa waje Alhamisi.

Nyumbani, dada yake alikuwa amekwisha kusikia. Dada alikuwa na saratani ya titi. Alishatundikiwa dripu nne za dawa ya saratani, zilibaki mbili, na kila moja ilimlaza siku tano na ndoo pembeni.

"Basi yamekwisha," dada alisema, akiikunja kadi ya kliniki mara mbili. "Ijumaa ijayo siendi ng'o. Nichemshie mzizi wa mama."

Mama Visahani alitamani kufurahi. Lakini kuna jambo lililomkera tangu mwanzo: ili kuokoa nafasi, mkuu aliifuta safu ya spiriti tupu, yaani visahani vinavyotiwa spiriti bila mzizi. Bila safu hiyo huwezi kujua muuaji ni nani.

Jumatatu alichukua visahani vinne vilivyobaki, akatia seli, akatia spiriti tupu kwa kiasi kilekile. Jumatano akainama kwenye hadubini. Zimekufa, tisa kati ya kumi, bila chembe ya mzizi. Akafuta lenzi, akaangalia tena, na hasira zikampanda asijue amtolee nani.

Mkuu alilisoma daftari lake la matokeo akiwa amesimama. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Wewe ni fundi. Utafiti tuachie sisi. Weka sahihi kwenye ripoti ya Ijumaa tumalize."

"Siweki."

"Yaani unauponda mzizi wa mama yako mwenyewe?"

Hapo alimtonesha. "Mzizi wa mama haujapimwa bado!" alisema. "Mama alichemsha kwa maji. Hakuwahi kumnywesha mtu spiriti. Tumepima spiriti yetu wenyewe, tunataka kumsingizia yeye. Alhamisi ukisimama kusema mengine, na mimi nitasimama hapohapo na visahani vyangu vinne."

Waandishi waliambiwa wasije. Mama Visahani akahamishiwa chumba cha kuoshea chupa.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Alimweleza dada kila kitu, safu iliyofutwa na visahani vinne, na dada akamsikiliza bila kupepesa macho.

"Kumbe ni wewe uliyeniharibia."

"Ni mimi."

"Si ungenyamaza tu!"

"Ninyamaze ufe? Sikubali. Mzizi nitaupima upya, kwa maji, hata nikiwa hukohuko kwenye chupa. Ukifaa, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa. Lakini Ijumaa saa mbili tunatoka. Ukigoma nitakubeba mgongoni, na unajua ulivyo mzito."

Dada hakucheka. Aligeukia ukutani, na Mama Visahani akaenda kulia jikoni, bomba la maji likiwa wazi.

Ijumaa, kabla ya saa mbili, dada alikuwa mlangoni amekwisha kuvaa viatu. Kadi ya kliniki ilikuwa mkononi, imenyooshwa, alama za mikunjo zikionekana. Wodini alikaa kwenye kiti, akakunja mkono wa gauni, muuguzi akatafuta mshipa. Sindano ilipokaribia, akaurudisha mkono wake na kumgeukia mdogo wake.

"Na dawa hii, walipoipima, safu yake ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, dada."

Dada akamnyooshea muuguzi mkono. "Choma."